Kumi ya Bi Zuwena

Bi Zuwena wa Mtendeni ameshona kofia za mkono tangu usichana wake. Bwana harusi wa Tabora akipendeza kichwani, ujue sindano ni yake. Lakini siku hizi macho yameingia ukungu, na kutunga uzi tu ni vita.

Aliposikia atapitiwa na mtafiti, majirani walifanya kama ilivyo ada mgeni akija: kuazimana vyombo. Jirani yake Tatu akaleta televisheni, Majidi akabeba makochi, feni ikatoka sijui wapi. Chumba kikageuka duka la samani.

Mtafiti, kijana aitwaye Renatus, akanywa soda, akawasha kishikwambi, akaandika vitu vyote alivyoviona chumbani.

"Bibi, tunapima ustawi wa taifa, tujilinganishe na wenzetu. Kuanzia sifuri mpaka kumi, unaridhika na maisha kiasi gani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Kumi."

Angejibuje? Mtu kakupa shikamoo, kakaa kwako, umlilie? Juu ya hayo, akamzawadia kofia aliyoishona juzijuzi.

Mwezi uliofuata wakazi wakaitwa ofisi ya mtaa. Renatus, kofia kichwani, akatangaza huku meno yote nje: mtaa wao umeongoza kwa mali na kwa kuridhika! Kwa hiyo madaktari wa macho wa bure waliokuwa waje hapa watapelekwa kwingine, kwenye shida.

Bi Zuwena akainuka.

"Mali ipi? Televisheni ya Tatu ile!"

"Na makochi yangu!" Majidi akadakia. "Mimi siku hiyo nimekalia ndoo!"

"Lakini bibi, kumi ulisema mwenyewe."

"Nilikuitikia salamu! Ungeniuliza macho, ningekuambia macho. Umeniuliza maisha, nikakustahi. Leo heshima yangu ndiyo inanifukuzia daktari?"

"Takwimu zimeshatumwa, bibi. Hazirudi."

"Kumbe zina miguu ya kwendea tu!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimsogelea, akamvua kofia, akapitisha kidole kwenye maua ya pembeni. Yalikwenda upogo kama mlevi anayetafuta kwao.

"Umezunguka na hii kichwani ukilipima taifa, hukuona?"

Renatus akanyoosha mkono kuidai kofia.

"Basi inabaki kwangu. Njoo na daktari anitibu macho, ndipo utaichukua. Nitakuwa nimeinyoosha."

Akaikunja kwapani, akatoka kwa hasira. Mlangoni ilibidi asimame, amsubiri Tatu amshike mkono, maana ngazi za ofisi alikuwa hazioni.