Likwata Ndani ya Daftari la Kiingereza

Mwahija binti Mfaume hakubali kujifunza neno la Kiingereza kabla hajalitafutia mtu. Ndiyo kanuni yake, na asiyeipenda akajifunze kivyake. Kamusi aliyonunua Kilwa Masoko, mjini ng'ambo, ya Kiingereza kwa Kiingereza, ilieleza maana vizuri tu, lakini mifano yake ilimchosha: theluji imefunika paa, mjomba amekosa treni. Theluji gani hapa Kilwa Kisiwani? Treni ya nani? Akaikata mifano yote kwa kalamu nyekundu, akabakiza maana, kisha akatunga mifano yake mwenyewe kwa watu anaowajua.

Ukifungua daftari lake utakikuta kisiwa kizima kimo humo, na nusu ya Masoko. Zehrabai mwenye duka ndiye mfano wa ukarimu, maana hupima sukari kisha akaongeza kijiko. Maneno mabaya yote amebandikwa mtu mmoja. Lazy ni mtu asiyependa kazi: Likwata ni lazy, inzi akimtulia puani humwita jirani aje amfukuze. Greedy ni mtu asiyetosheka: Likwata alikula ubwabwa wa harusi mbili siku moja, kisha akauliza ya tatu iko wapi.

Likwata ni mlinzi wa magofu ya kisiwani, na ni mtoto wa mjomba wake Mwahija. Kwa mila za huku, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na kutukanana ni haki yao. Kila Ijumaa baada ya swala Likwata hupita kwa Mwahija kukagua daftari, na hukasirika asipojiona.

"Ukurasa huu mbona simo? Nimekukosea nini, we kizee?"

"Neno lenyewe ni la uaminifu, binamu. Linakuhusu nini?"

Basi hucheka mpaka kuku wakakimbia uwanjani.

Sasa, huyu mama hakuwa anajifunza kwa kujifurahisha. Miaka sita amefagia njia za magofu, akiwasikia waongoza wageni wakieleza mambo ya kisiwa chake nusunusu, na roho ikimuuma. Kampuni moja ya utalii ilipotangaza nafasi moja ya kuongoza wageni, akapeleka jina. Alijua anaiweza kazi ile. Kilichobaki ni kuwaonyesha hivyo kwa Kiingereza.

Usaili ulifanyika Masoko asubuhi ya Jumatatu. Mezani walikaa wawili: Witness, dada wa ofisi ya kampuni, na mwenye kampuni mwenyewe, mzee wa Kidachi mwenye mvi ambaye alikuwa na wiki moja tu nchini. Sharti lilikuwa moja, Kiswahili kibaki mlangoni. Mwahija akajibu maswali ya misikiti, ya visima, ya makaburi, bila kubabaika. Mzee akafurahi. Mwishoni akampa neno alieleze: treasure.

Mwahija akatabasamu. Hilo alikuwa nalo. "Treasure ni kitu cha thamani kubwa ambacho watu hukitunza," akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, na ulimi, kwa mazoea ya miezi minane ya daftari, ukaendelea wenyewe: "Mlinzi wetu Likwata ameuza treasure ya sultani akanunua pweza."

Mzee akaweka kalamu chini. Akauliza iliuzwa lini, kwa nani, na kama polisi wana habari.

Mwahija akaharakisha kujieleza. Akasema ni joke, kitu kinachosemwa ili watu wacheke. Mzee hakucheka. Akauliza ni mzaha gani huo wa kumwita mlinzi mwizi, tena mbele ya watu asiowajua, na kesho atawaambia nini wageni wake? Witness, ambaye kwao wana watani pia, alikuwa ameuma mdomo asicheke. Mwahija akamtazama amsaidie, walau kwa neno moja la Kiswahili. Witness akatikisa kichwa. Sharti ni sharti.

Nafasi ilikuwa inampotea hivihivi, na kibarua cha binamu yake nacho kikienda na maji. Hapo ndipo alipokasirika, na hasira ikamfaa. Kwa nini ahangaike na maneno yao wakati neno analolihitaji ni la kwake? Akaomba karatasi. Akaandika juu: Utani. Kisha akaligeuza kwa Kiingereza kama alivyoyafanyia maneno mengine yote, maana kwanza, mfano baadaye, akawa anasoma kwa sauti.

"Utani ni haki unayozaliwa nayo ya kumtukana mtu, na wajibu wa kufika wa kwanza akipatwa na shida."

Mzee akauliza mfano.

"Mume wangu alipofariki," Mwahija akasema, taratibu ili asikosee hata neno, "Likwata alifika kabla ya ndugu zangu. Alichimba kaburi. Alipomaliza, alikuja akajilaza katikati ya waombolezaji, akapiga kelele kwamba aliyekufa ni yeye, apewe sanda yake. Nilikuwa sijala wala kusema kwa siku nzima. Nilicheka. Kisha nikalia, kisha nikala. Yeye ndiye aliyenilisha."

Witness hakuwa anauma mdomo tena. Alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba.

Mzee akavuta ile karatasi kwake. Akamuuliza Witness ni lini kazi inaweza kuanza, akajibiwa keshokutwa, akasema vizuri. Kisha akatoa kidaftari chake mfukoni, akamwomba Mwahija alitamke tena lile neno, polepole, na alipokwisha kuliandika na maana yake chini, akamwomba mfano wa pili.