Siku Tano Mbele ya Ghala

Baraza la Biwi, mtaa mmoja wa Lilongwe, lilinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa. Hata leo nikipita mbele ya fundi anayeshona hunijia msimu mmoja wa mvua, nilipokuwa na miaka kumi na sikio la kushoto lililokuwa likitoa usaha. Tulikuwa tumetoka Uvira miezi michache kabla, Zaire ikiwa bado inaitwa Zaire, na tulikuwa tukiishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika chumba chenye kuta nene kilichokuwa zamani sehemu ya gereza. Kila wiki Baba alipata kibali cha kunipeleka Likuni hospitalini kuoshwa sikio. Tukimaliza tulipitia Biwi, ambako fundi mmoja Mmalawi alimruhusu kushonea kwenye cherehani yake ya pili. Nilikaa juu ya robota la vitambaa, kichwa nimekipinda ili sikio langu zima liwaelekee wanaozungumza.

Hapo ndipo nilipomwona Madamu Salma. Mume wake alikuwa mhandisi mwenye mkataba wa kazi City Centre, na yeye alikuwa Mpalestina kutoka mji mdogo karibu na Bethlehemu. Alikuwa amesomeshwa na masista wa Kifaransa, kwa hiyo alifurahi kumpata fundi anayejua lugha hiyo. Alileta gauni jeusi la mama yake, lililotariziwa kwa uzi mwekundu kifuani kote, na lililofumuka kwapani. Baba aliligeuzageuza, akasema kazi ya mikono haiingizwi kwenye mashine. Akatafuta sindano, akaanza kulishona kwa mkono, na Madamu Salma akakaa kumsubiri. Alizungumza Kifaransa polepole, na nilipopotea Baba alinitafsiria.

Alisema mama yake naye alikuwa mshonaji. Miaka michache nyuma, watu wa mji wao walikubaliana kutolipa kodi kwa jeshi lililowatawala. Wengi walikwenda kurudisha vitambulisho vyao. Walilima mboga nyuma ya nyumba ili wasitegemee maduka ya watawala, na shule zilipofungwa walisomeshana majikoni. Bendera yao ilikuwa marufuku, kwa hiyo wanawake waliishona wakiwa wamefunga madirisha. Babu yake alimsimulia kwamba hata zamani za Waingereza nchi nzima iliwahi kugoma, maduka yakafungwa kwa miezi sita. Hakuficha kwamba vijana wengine walirusha mawe, na wengine walifanya zaidi ya hapo. Lakini mjini kwao, alisema, silaha yao ilikuwa kukataa.

"Wanajeshi walikuja na malori," alisema. "Walichukua friji, makochi, na cherehani ya mama."

Sindano ya Baba ilisimama. Sisi pia tulikuwa na cherehani Uvira.

"Sasa mulifanya nini?"

"Tulikaa, fundi. Hatukulipa."

Baba alitaka kujua kama walishinda. Madamu Salma alisema kaka yake alifungwa, cherehani haikurudi, na sasa wakubwa walikuwa wamepeana mikono mbele ya kamera, lakini njia ya kwenda shambani kwa mama yake ilikuwa imezibwa na kizuizi cha askari. "Sijui kama tulishinda," alisema. "Najua hatukupiga magoti."

Jioni ile Baba aliyasimulia yote nyumbani, kama habari za mbali za kutupitishia muda. Mama alikuwa akimlisha mdogo wangu Neema, aliyekuwa na mwaka na nusu. Aliuliza tu kama wanawake nao walikuwa wamekaa.

Wiki iliyofuata tuligawiwa unga uliokuwa umelowa njiani. Ulikuwa wa kijivu, umeshikana mabonge, na ukifungua mfuko ulikutana na uvundo wa godoro la mgonjwa. Mama aliupepeta, akauanika, akapika nsima, ugali wa Kimalawi, na ikawa chungu. Mtaani kwetu watoto walianza kutapika. Ugawaji uliofuata ulipoleta mifuko ya shehena ileile, Mama alipokea wake, akapiga hatua chache, akaushusha chini mbele ya mlango wa ghala. Juu yake aliweka kadi yetu ya chakula. Kisha akakaa, Neema mgongoni.

Wa pili kukaa alikuwa jirani yetu Mama Shabani, Mwislamu kutoka Kindu, ambaye aliuza chumvi na sabuni kambini na ambaye mpaka siku ile alikuwa akisalimiana na Mama kwa mbali tu. Baada yake wakaja wengine, hata mlango ukazibwa kwa mifuko. Bwana wa ghala, Mmalawi mpole, alitoka akashika kiuno.

"Amayi, akina mama, chukueni. Hakuna unga mwingine."

"Tutangoja," Mama alisema.

Baba alikuja mbio. Aliinama akamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu cha Uvira, kwamba watatufuta kwenye orodha, na kwamba mambo kama haya banaume njo bataongea na ofisi.

"We mwenyewe njo ulileta hii habari," Mama alimjibu. "Sasa uniache nikae."

Walikaa siku tano, kutoka asubuhi mpaka jua linapozama, mvua ikinyesha wakijifunika plastiki. Hawakuimba wala kumtukana mtu. Tulikula majani ya maboga, na mihogo ambayo Baba aliipata kwa kuwalimia wanakijiji. Siku ya tatu Neema alianza kuharisha. Mama alimpeleka zahanati, akapewa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, akarudi kukaa. Mama Shabani alimwambia, akimwita kwa jina langu, "Mama Riziki, unipe mutoto nikae naye kwangu, we ubakie hapa." Mama alikataa. Alisema mtoto anamlilia akimwacha.

Siku ya nne mchana nilikwenda kuwapelekea maji. Nilikuja kwa nyuma, na nikauona mkono wa Neema ukining'inia nje ya kitenge. Inzi alikuwa ametua kwenye vidole na vidole havikutikisika. Nilimwita Mama. Alidhani nasema habari ya maji, akanyoosha mkono kupokea kikombe. Nikamwita tena. Ndipo alipofungua kitenge.

Alinyanyuka amembeba kifuani, na wanawake wakampisha. Mama Shabani alimfuata, lakini wengine wote walibaki wamekaa. Tulimzika Neema kesho yake asubuhi. Mchana huohuo lori likaja na unga mweupe.

Watu walisema sana. Kuna waliosema Mama aliuza mtoto kwa mfuko wa unga, na wengine wao walikuwa wa kanisani kwetu. Waliomtetea walisema Neema aliuawa na ule unga wa kwanza. Mimi sijui. Madamu Salma alipokuja tena Biwi, akauliza hali ya watoto, Baba alimweleza. Aliketi sakafuni palepale, na nguo zake nzuri, akalia. "Nisingekusimulia," alisema. Baba alimwambia kwamba hakuna aliyewatuma wale akina mama kukaa. Unga ule njo uliwatuma. Lakini tangu siku ile hakusimulia tena habari yoyote nyumbani.

Sasa nina watoto watatu na ninaishi Lilongwe. Baba alishafariki. Dzaleka ilijengwa iwe gereza, ikawa kambi ya muda, na leo wamezaliwa humo watoto wanaozaa watoto wao, wakipanga foleni ndefu kuliko zetu. Kwenye simu naona habari za Palestina, na mara nyingi nasikia mtu akiuliza kwa nini wale watu hawajajaribu njia ya amani. Kazini niliwahi kujibu kwamba walijaribu, nikiwa mtoto na hata kabla sijazaliwa, na mwenzangu akaniuliza nimesoma wapi. Nilimwambia sikusoma. Nilisikia.

Mwaka jana nilikwenda Dzaleka kumwona Mama. Alikuwa akichambua maharage mlangoni. Kwa mara ya kwanza nilithubutu kumuuliza kama angekaa tena. Mikono yake haikusimama.

"Ningekaa," alisema. "Ningekaa tena palepale. Lakini mutoto ningemupa Mama Shabani."