Visiki Tisa vya Siala

Mwaka wa 1974 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na huo ndio mwaka shida ilianza kwetu. Mama alikufa wakati wa mvua. Baba alikuwa ametangulia zamani, hata sura yake siikumbuki. Nilikuwa darasa la tatu. Nikatoka, sikurudi. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa Kijaluo dada wa tumbo moja anaitwa nyaminwa, yaani mtoto wa kike wa mama yetu, na mimi ndivyo ninavyomwita mpaka leo.

Upande wa Asumbi kulikuwa na mzee mpasua mbao. Alikuwa na msumeno mrefu wa watu wawili, lakini mtu wa pili hakuwa naye, kwa sababu ya mdomo wake mkali. Mgongo ulipomshinda alitukabidhi ule msumeno tumfanyie kazi. Kupasua mbao wakati huo kulikuwa hivi: mnachimba shimo kupita kimo cha mtu, mnalaza gogo juu yake, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni. Wa juu anafuata mstari. Wa chini ndiye anavuta, na unga wote wa mbao unamwangukia machoni. Kazi ya chini ni ya mwanamume mwenye nguvu. Mimi nilikuwa mwepesi kama kuku, kwa hiyo aliingia dada.

Watu walipita wakicheka, wakimuuliza kama anajichimbia kaburi. Alikuwa anawajibu kutoka humo shimoni, haonekani, sauti tu: "Pita polepole, nikupime."

Tulifanya hivyo miaka saba. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa nimepata mabega ya kushuka shimoni. Sikushuka. Nilizoea juu, hewa ni nzuri, na mtu wa juu ndiye anaitwa fundi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Leo jicho lake moja limekufa kabisa na la pili linaona kivuli tu. Daktari wa Migori alisema ni uzee. Daktari hakuwa kwenye lile shimo.

Miti tuliyopasua ilikuwa mikubwa, mingine watu watatu hawakuikumbatia wakaizunguka. Hakuna aliyetuuliza kibali. Tulikuwa tunanunua mti kwa mwenye shamba, na mzee alitufundisha kuhesabu kwa visiki: ukinunua visiki vitano umenunua miti mitano, hata kama kila kimoja kina vichwa vitatu. Mti ni pale mizizi ilipo. Hivyo ndivyo nilivyojua hesabu ya miti, na hesabu hiyo ndiyo ilikuja kuniaibisha uzeeni.

Dada aliolewa Rusinga kwa mvuvi. Hakupata mtoto. Mume alipokufa, shemeji zake walianza kumwonyesha njia kidogo kidogo, mara kiti kimeondolewa, mara sufuria imeazimwa haijarudi. Siku moja akaja kwangu Uriri, upande wa Migori, ambako nilikuwa nimejinunulia shamba kwa mbao hizo hizo. Alikuwa na karai kichwani. Ndani ya karai kulikuwa na nguo, chungu kimoja, na miche tisa ya siala kwenye makopo ya mafuta. Siala ni ule mti wa maua ya njano ambao mchwa hawaupendi. Aliipanda kabla hajanywa chai. Mke wangu akaniambia, huyu hajaja kutembea.

Miti ile ilipokua tulikata yote tisa nikajenga nyumba yangu. Nilimwambia yako itafuata. Visiki vikachipuka, kila kimoja kikatoa mashina matatu, manne, yakapanda juu moja kwa moja. Na mimi nikakaa kimya. Miaka ikaenda. Yeye alilala jikoni kwa mke wangu, kwa heshima zote, lakini jikoni.

Mwaka jana akaniita. Akasema, "Omera, ndugu yangu, nimelala jikoni za watu wengi. Nataka mlango ambao nikiufunga hakuna wa kuniuliza nimefunga kwa nini. Na nautaka Rangwe, kwetu, kabla mvua ya Machi haijaanza. Nyingine sijui kama nitaiona."

Kwetu binti aliyeolewa akarudi hajengewi ndani ya ua wa baba yake. Akifa, hata kuzikwa anazikwa nje ya ua. Hiyo desturi sikuitunga mimi na siwezi kuivunja peke yangu. Nilikwenda Rangwe nikaongea na watoto wa baba mdogo, wakakubali kipande cha ng'ambo ya kijia, mahali mama alikuwa anapanda mboga. Mabati nikanunua. Mashimo ya nguzo yakachimbwa. Ikabaki miti, na miti ilikuwa yake mwenyewe.

Siku hizi hukati tu. Tangu serikali ilipofunga misitu yake, wanunuzi waligeukia mashamba yetu na misumeno ya injini, na sheria ikawafuata huko. Unaenda kwa chifu upate barua, unaenda ofisi ya misitu upate kibali cha kukata na cha kusafirisha, na msumeno wenyewe uwe umeandikishwa. Nililalamika sana. Lakini nilikwenda.

Afisa wa misitu alikuwa msichana mgeni, mtu wa Kitui, umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Akaniuliza miti mingapi. Nikamwambia tisa. Akasema kawaida lazima aje kuona kwanza, ila pikipiki ya ofisi imeharibika. Nikamwambia, "Mama, mimi nimepasua mbao kabla mama yako hajazaliwa. Nikisema tisa ni tisa." Akaandika tisa.

Siku ya kukata, nilikuta dada ameamka kabla yangu. Alikuwa amezunguka kisiki kwa kisiki akipapasa mashina kwa viganja, na kwenye kila kisiki amefunga shina moja kwa kitambaa chekundu alichopasua kutoka leso yake. Akamwambia mwenye msumeno asiguse lenye kitambaa. Nikakasirika. Nilimwambia anajipunguzia nyumba mwenyewe. Akasema kisiki kikiachwa bila kichwa kinakata tamaa, akaenda zake kuketi. Tukakata yaliyobaki, magogo ishirini na mawili, tukapakia.

Kwenye kizuizi cha Awendo askari wa misitu akasoma kibali, akapanda nyuma ya gari, akahesabu, akashuka.

"Mzee, karatasi inasema tisa. Hapa kuna ishirini na mbili. Hesabu ulisomea wapi?"

"Darasa la tatu," nikamwambia. "Wewe uliyesoma sana hujawahi kuona kisiki kimoja kikiwa na mashina matatu?"

Akasema yeye kisiki hakioni hapo barabarani. Maneno yalikuwa ya kweli lakini mimi sikuyasikia, nilikuwa nimeshapandisha hasira. Magogo yalishushwa kwenye uwanja wa ofisi ya misitu, na nikaambiwa yanaweza kutaifishwa na mimi nipelekwe kortini. Yule msichana wa Kitui akatoka nje. Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, nilikuamini." Basi. Nimetukanwa na watu wengi maishani, hakuna tusi lililonifikia kama hilo.

Nilirudi nyumbani nikamweleza dada. Nilidhani atalia. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa, na mashimo ya Rangwe yalikuwa wazi. Akaniuliza kama nilimwambia huyo mtoto wa ofisi ya misitu kuhusu vitambaa. Nikasema sikumwambia. Akauliza nilimwambia nini basi muda wote huo. Nikasema nilimwambia kwamba mimi nimepasua mbao miaka hamsini. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi tukaenda wote wawili. Alikaa kwenye benchi la ofisi na fimbo yake mpaka afisa akakubali kuja Uriri kesho yake. Dada Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nafasiri. Afisa alipofika, dada alimshika mkono, akasema kwa Kijaluo, huyu mtoto ni mwembamba, serikali haimlishi? Nikafasiri kwamba anasema karibu sana. Afisa akasema mbona maneno yalikuwa mengi.

Dada akamwongoza kisiki kwa kisiki, anajua hatua zake bila macho. Kila walipofika aliuchukua mkono wa yule msichana, akauweka kwenye mkato mbichi, halafu kwenye mwingine, halafu kwenye shina lililobaki limesimama na kitambaa chake. Mimi nilifuata nyuma na kofia mkononi. Sijui niliivua saa ngapi.

Kwenye kisiki cha saba afisa aliniuliza nani alimfundisha kuacha shina moja. Nikamuuliza dada. Akajibu, nami nikafasiri yote, sikupunguza: "Mwambie nilikuwa chini ya shimo. Nimevuta miti mpaka nikaimaliza, na sikuwahi kupanda mmoja. Hii tisa ndiyo ya kwanza kupanda. Singeweza kuimaliza tena."

Hata mimi nilikuwa sijawahi kusikia hayo.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza babu yake, kwamba wanahesabu mashina kwa sababu mtu wa kizuizini haoni shamba, anaona kilicho garini tu. Kibali kikisema kitu kimoja na gari likasema kingine, mwizi na mkweli wanafanana. Hilo lilinipata. Nikamwambia, "Nilikosea." Mke wangu alikuwa mlangoni, akasikia. Amenikumbusha mara kadhaa tangu siku hiyo.

Lakini hakutuachia yote. Kisiki cha tisa kiko karibu na kijito, na karibu na maji hakukatwi kabisa. Magogo matatu ya hapo yalibaki ofisini, na barua ya onyo nikatia sahihi. Kumi na tisa yakapewa kibali kipya: mashina kumi na tisa, visiki vinane, yasafiri mchana tu. Nilitaka kubishana kuhusu yale matatu. Dada akanivuta shati.

"Hayo yalikuwa ya baraza," nikamwambia.

"Basi baraza iwe ndogo," akasema. "Iwe ya kukaa watu wawili. Wewe ukae upande wa chini."

Mvua ya kwanza ilitukuta tukipiga misumari ya mwisho. Sauti yake kwenye mabati mapya ilikuwa kubwa hata hatukusikizana. Dada aliingia, akapapasa kuta zote nne za miti, ambazo zilikuwa hazijakandikwa, akaupata mlango, akaufunga. Sisi wote tukabaki nje tunalowa. Alikaa humo muda mrefu. Hakuna aliyebisha hodi.

Leo nina hivi. Shamba Uriri, ekari mbili na nusu, hati iko kwa jina langu. Nyumba ya vyumba vinne. Ng'ombe watatu na ndama. Mke mmoja, yule yule. Msumeno wa watu wawili, una kutu, umetundikwa stoo na hauuzwi. Karatasi mbili za ofisi ya misitu, ya onyo na ya kibali, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Visiki tisa vya siala na mashina tisa yenye kitambaa. Miche arobaini ambayo nimepanda kwa mikono yangu, na thelathini na moja imeshika.

Nyumba ya Rangwe siihesabu. Ni ya nyaminwa, na ufunguo uko kwake. Nikienda, napiga hodi nangoja.