Mti wa Everett Siku ya Mvua

Lorraine Pelkey aliendesha basi la shule huko Vermont miaka thelathini. Alipostaafu, akaanza kupiga picha za miti majani yanapogeuka rangi. Watalii waliokuja kuyatazama walisubiri jua. Yeye alitoka siku za mvua na ukungu, maana ndipo wekundu wa majani unapokolea.

Oktoba moja, akiwa barabarani, alipiga picha ya mti wa mepo, ule wenye majani yanayogeuka mekundu, shambani kwa jirani yake Everett. Alipoikuza nyumbani, kumbe Everett yumo ndani ya ukungu, kaegemea shina, kofia mkononi, analia. Alikuwa amemzika mkewe mwezi wa nne, na hakuna aliyewahi kumwona akidondosha chozi.

Lorraine hakuipeleka kwenye maonyesho ya kijiji. Yalipokwisha, Everett akaja kubisha hodi, mvua ikinyesha.

“Nilikuona na kamera yako siku ile. Mbona mti wangu hukuutundika?”

“Na wewe umo, Everett. Unalia.”

“Ilikuwa mvua, bibie.”

“Haya, mvua.”

Akampa picha. Everett akaitazama kitambo, kisha akaiingiza ndani ya koti isilowe.

“Mwakani usiishie barabarani,” alisema. “Ingia, kahawa ipo.”