Waimbaji Kumi Niliowapikia

Jamani, nimeaibika, na nimejiaibisha mwenyewe. Mjukuu wangu Zuhura alinisikilizisha nyimbo za kikundi kwenye simu. Sauti kumi za kike zinapokezana, zinapanda pamoja, wala humsikii hata mmoja akivuta pumzi. Machozi yakanitoka. Nikaikumbuka lelemama, ngoma yetu ya wanawake ya Chumbageni, tumejipanga mstari mmoja na kanga za sare, na kiongozi ni mimi.

"Zuhura, hawa nitawapata?"

"Utawapata, bibi. Ninao kwenye kompyuta."

Mimi nikashika hiyo "ninao", kompyuta nisiitie maanani, nikamwambia aje nao Ijumaa. Nikawatangazia wenzangu wa lelemama, tuliobaki wanne: njooni Ijumaa, nimepata wa kuturithi! Nikapika mahamri na mbaazi, nikakunja kanga kumi mpya.

Ijumaa Zuhura akaingia peke yake, kompyuta kwapani.

"Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani, bibi? Sauti hizi zimetengenezwa na kompyuta. Hakuna mtu."

Bi Mwanaidi, tuliyegombea naye uongozi tangu usichana, akaiangalia ile kompyuta, akajiweka sawa mkekani.

"Haya shoga, mwambie mrithi wako atuamkie. Tunangoja shikamoo yake."