Kiatu Kimoja Kimoja

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Stoo alitunza stoo ya hospitali, na hata sindano haikupotea. Alipostaafu akatafuta kitu kingine cha kutunza, akapata watoto. Kila Jumamosi asubuhi huwakusanya wadogo wa maghorofa matatu kwenye uwanja wa nyuma, pamoja na wazazi, maana kwake mzazi naye lazima acheze. Viatu huvuliwa ukingoni, naye huvipanga kwenye mifuko yenye namba.

Mwezi huo alihamia nesi mmoja na binti yake wa miaka minne. Jumamosi tatu mfululizo mtoto alikaa mapajani kwa mama, na mama akakaa kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Jumamosi ya tatu, nesi akamwendea Mama Stoo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuaga. Hapa kila mtu ana wake. Tutakaa zetu ndani, televisheni ipo."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikupe viatu."

Mama Stoo aliumia. Aliwajua watoto wa kufungiwa ndani. Wanaanza shule hawajui hata kugombana. Akamtazama binti. Macho ya binti yalikuwa kwa mtoto wa mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akichimba shimo kwa kijiko bila sababu yoyote ya maana. Basi Mama Stoo akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya maishani: akachanganya mali. Kila mfuko wa wale wawili akautia kiatu kimoja cha binti na kimoja cha mchimba shimo, akafunga mafundo mawili. Binti alibebwa mpaka nyumbani. Yule mwingine aliondoka peku, kama kawaida yake.

Alasiri mama fundi alipanda ngazi hadi kwa nesi na kiatu kimoja mkononi, mwanawe nyuma. Alikwenda kwa dakika moja. Alikaa mpaka chai ya pili, kwa sababu watoto walikuwa chini ya meza na walikataa katakata kutoka.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote wanne pamoja, na binti hata mapajani hakupita.

"Pole sana, mama," nesi alisema kwa sauti ya wodini. "Ulichanganya viatu. Macho hayo."

Mama Stoo angeweza kusema ukweli. Lakini nani anataka kujua kwamba urafiki wake umetolewa stoo?

"Uzee huo, mwanangu."

Wazazi walimwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Viatu akakabidhiwa baba mmoja mwenye macho mazima, akapoteza pea mbili siku hiyo hiyo.

Jumatatu nesi alimpeleka mwenyewe kupima macho. Mama Stoo aliziona herufi zote ukutani, hadi jina la kiwanda kilichochapa karatasi. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili akaukosea, wa tatu akasema haoni kitu.

Nesi akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Sina mzazi mwingine huku, mama. Acha nikuangalie wewe."

Siku hizi anavaa miwani. Uwanja mzima ni ukungu mtupu, kwa hiyo huipandisha kwenye paji la uso ili awaone wale wawili, kisha huishusha haraka nesi akigeuka.

"Inakusaidia, mama?"

"Sana, mwanangu."