Pale Kamba Ilipokuwa Tupu

Watoto wa darasa la tano walimwita Mwalimu Kamba, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Jina lilitokana na kamba ya kuanikia nguo aliyoifunga darasani kutoka msumari wa mlangoni hadi msumari wa dirishani. Mlangoni ndiko kulikokuwa na zamani, dirishani ndiko kulikokuwa na leo. Kila mtoto alimwuliza mkubwa wa kwao jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe, akalichora, akasimama mbele ya wenzake kusema ni nani aliyemsimulia, kisha akaibana picha mahali pake kwa kibanio cha nguo.

Sheria ilikuwa moja tu: picha ikishatundikwa haitolewi. Aliyekosea alichora nyingine akaibana pembeni, ya kwanza ikabaki palepale.

"Likishatokea?" mwalimu huuliza.

"Limetokeaaa," darasa zima huitikia kwa kuvuta, kama watu wanaovuta maji kisimani.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mwoga tangu utotoni. Aliogopa mbwa, aliogopa simu iliayo wakati wa chakula, na chuo kikuu alimaliza bila kuuliza swali hata moja mbele za watu. Historia aliipenda kwa sababu ilikuwa imekwisha kutokea. Yaliyopita hayana meno, ndivyo alivyoamini.

Basi kulikuwa na sehemu ya kamba iliyobaki tupu. Upande mmoja wake zilining'inia picha za mafuriko makubwa, mabati yakielea na kuku juu ya mabati. Upande wa pili, picha za daraja jipya. Katikati, urefu wa mkono mzima, hapakuwa na kitu. Kitabu cha darasa nacho kilifanya vivyo hivyo: ukurasa mmoja uliishia kwenye mafuriko, uliofuata ukaanzia darajani. Mwalimu hakujiuliza kwa nini. Alidhani ni uvivu wa watoto, akatangaza kwamba atakayejaza pale ndiye atakayepiga kengele ya mapumziko wiki nzima.

Aliyeleta wa kwanza alikuwa binti mmoja waliyembandika jina la Kidomo, kwa sababu hata akiwa na homa alikuwa akiongea. Alichora lori. Nyuma lilikuwa limefunikwa turubai la buluu, na chini ya turubai zilionekana nyayo za watu, nyayo tupu, zimepangwa kama ndizi kwenye chane. Barabarani nyuma ya lori palikuwa na viatu.

"Bibi yangu ndiye aliyenisimulia," alisema Kidomo. "Babu na wenzake walipandishwa lori mbiombio, viatu vikabaki. Vya babu vilikuwa vya kahawia. Bibi aliviokota, hadi leo viko chini ya kitanda. Babu hakuvifuata."

Darasa likacheka kidogo, kisha likaacha.

Kesho yake yakaja malori mengine mawili, kutoka kwa watoto waliokaa mitaa tofauti na ambao hata hawakuwa wakisemezana. Mwalimu akayabana pembeni ya lile la kwanza. Mchana ule aliingia chumba cha walimu, na walimu wenzake waliokuwa wakicheka wakakumbuka wote kwa pamoja kwamba wana madaftari ya kusahihisha.

Nyumbani alimkuta mama yake akimenya viazi.

"Mama, baada ya mafuriko kulitokea nini?"

Mama aliweka kisu chini, akainuka, akafunga dirisha. Joto lilikuwa kali, na dirisha lile halikuwahi kufungwa mchana.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Wanangu wamechora malori."

"Wanao? Wewe hata mchumba hujaleta, tayari una wana wa kukuponza." Alijaribu kucheka, kicheko kikafia njiani. "Kabla yako kulikuwa na mwalimu pale shuleni. Naye aliuliza, tena kwa upole kama wewe. Watu wakasema amehamishwa. Mkewe alikaa mwaka mzima akimwuliza kila mtu, amehamishiwa wapi? Hakuna aliyemjibu, na mimi nikiwamo."

"Mama..."

"Usimwamshe aliyelala, mwanangu. Mdogo wako anasoma kwa kazi yako hiyo. Menya viazi."

Akamenya. Tangu jioni hiyo kila gari lililopunguza mwendo mtaani lilimkata pumzi.

Jumatano mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mzee mnene, mwenye tabia ya kupanga na kupangua kalamu mezani akiwa na wasiwasi, na siku hiyo kalamu hazikutulia.

"Kesho anakuja mkaguzi," alisema. "Ukuta wako uwe safi."

"Uko safi, mwalimu mkuu. Tunafagia kila siku."

"Mwalimu, unanielewa. Yaliyopita si ndwele."

"Lakini ndiyo somo langu," alijibu, na jibu likamshangaza mwenyewe.

Mkuu nusura acheke. Akautazama mlango, akashusha sauti. "Mimi sijasema utoe kitu. Ukiulizwa, mimi sijasema lolote. Nimesema usafi. Usafi si kosa, au vipi?"

Ndipo mwalimu alipotambua kwamba mkubwa wake naye alikuwa anatetemeka, na hilo likamtisha kuliko maneno yake. Maana ukiona nahodha anavaa boya, wewe abiria utafanya nini?

Alhamisi aliwahi shuleni kabla ya kengele. Alikuwa ameshaamua. Picha tatu tu. Atazikunja, atazitia mkobani, atawaambia watoto ni upepo. Alipanda juu ya kiti, akashika kibanio cha lori la kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

Kidomo alikuwa nyuma ya mlango na ufagio mkononi. Ilikuwa zamu yake.

"Marahaba."

"Unaitoa?"

"Naikaza. Upepo."

Mtoto alilitazama dirisha, nalo lilikuwa limefungwa. Yeye aliyekuwa haishiwi maneno alirudi kufagia, polepole, akilifagia eneo lilelile. Mwalimu akakibana kibanio kwa nguvu zaidi, akashuka kitini. Nje gari likasimama.

Mkaguzi alikuwa mwanaume mrefu, mvi kichwani, karibu na kustaafu. Alikaa nyuma, akasikiliza somo la mafuriko hadi mwisho bila kuandika chochote. Kisha akainuka, akaifuata kamba toka mlangoni, mikono mgongoni, akizisoma picha moja baada ya nyingine. Kwenye kuku wa mafuriko alitabasamu. Mwalimu mkuu, aliyesimama kizingitini, naye akatabasamu haraka, asipitwe.

Kwenye malori mkaguzi alisimama. Tabasamu la mkuu likabaki peke yake usoni, halijui liende wapi.

"Hili la buluu," alisema mkaguzi bila kugeuka. "Nani kalichora?"

"Mimi ndiye niliyewapa kazi," alisema mwalimu.

"Sikuuliza nani katoa kazi."

Kidomo akainua mkono, nusu.

"Umefanya vizuri. Na nani alikusimulia?"

Mwalimu aliviona viatu vya kahawia chini ya kitanda cha bibi. Aliona mlango wa bibi ukigongwa. Kamwe hakuwahi kumkatiza mtu mkubwa maishani mwake, lakini midomo yake ilitangulia.

"Samahani, mzee. Darasa letu halina desturi ya kumtaja aliyesimulia. Ndio utaratibu wetu."

Ulikuwa uongo mtupu, na darasa zima lilijua. Tangu siku ya kwanza hakuna picha iliyopanda kambani bila jina la msimuliaji. Watoto walimtazama mwalimu wao. Alisubiri mmoja wao aseme, kwa unyofu tu wa kitoto, mbona sisi huwa tunataja?

"Ndiyo," alisema Kidomo. "Huwa hatutaji."

"Hatutajiii," darasa likaitikia, kwa mvuto uleule wa kila siku.

Somo lile la kuficha jina mwalimu hakulifundisha, wala halimo kitabuni, na watoto walikuwa wamelielewa mara moja.

Mkaguzi aliinua kidole, akaligusa turubai taratibu, kama mtu anayejaribu rangi mbichi ya mlango.

"Halikuwa la buluu," alisema. "Lilikuwa la kijani."

Akatoka. Mkuu akamfuata mbiombio, na vishindo vya nyayo zao vikafifia barazani.

Mwalimu alibaki ameegemea ubao, chaki ikimchafua nguo. Kijani. Mtu huijuaje rangi ya turubai lile? Aliyeketi chini yake, jua likipenya na kuwageuza wote wa rangi ya majani, angeijua. Na aliyelifunga kamba kwa nje, akakagua mafundo, akagonga bodi kumwambia dereva twende, naye angeijua vilevile. Aliutafuta uso wa mkaguzi kichwani mwake, lakini aliposema maneno yale alikuwa amemwona mgongo tu.

"Mwalimu," Kidomo alinong'ona. Hakuwahi kunong'ona. "Sasa nifanyeje?"

Mwalimu alifungua kopo la kalamu za rangi. Akampa ya kijani.

"Chora jingine," alisema. "Ulibane pembeni. Lile la kwanza liache."

"Na akirudi?"

Mwalimu alikuwa ametega sikio nje, akingoja gari la mkaguzi liwashwe. Watoto nao, mmoja mmoja, wakanyamaza wakasikiliza pamoja naye. Kalamu ya Kidomo tu ndiyo iliyokuwa ikikwaruza karatasi, na nje gari lilikuwa bado halijawashwa.